Mwenye Mfuko Tumboni na Safu ya Sala

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Amma baad.

Mtu aliyepasuliwa, utumbo wake ukatolewa nje kwa tundu la tumboni, na choo chake kikawa hutokea hapo maisha yake yote, kikiingia katika mfuko ulionata juu ya ngozi: je, nafasi yake katika safu ya msikiti ingali yake?

Wako waume walioponywa saratani kwa upasuaji huu, kisha wakajifungia nyumbani. Katika wiki sita hadi nane za mwanzo tundu hunywea, na mkono huzoea kulisafisha. Moyo ndio huchelewa. Tundu hilo halina msuli wa kuzuia. Basi mwenyewe huchelea usije ukasikika upepo naye yuko katika sijida. Adhana aisikia, na mguu hautoki. Tabibu amemponya tumbo, haya imemfunga mlango.

Na ifahamike hukumu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaji kwamba njia ya asili ikizibika, na pakafunguka tundu chini ya tumbo la chakula, kitokacho hapo huvunja udhu. Na asiyeweza kukizuia huchukuliwa kama mwenye kutokwa na mkojo daima: wakati wa sala ukiisha kuingia, husafisha, akafunga, akatawadha, akasali fardhi moja pasi na kukawia, na sunna azitakazo. Kitokacho baadaye bila ya hiari yake kimesamehewa.

Lakini katika huko kutokawia, wanazuoni wa Kishafii wametoa ruhusa: aweza kukawia kwa maslaha ya sala, kama kungojea jamaa. Tena kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba aliye mzima aweza kumfuata mtu huyo akiwa imamu. Basi sharia iliyompa ruhusa ya kuingojea jamaa, yawezaje kuwa imemfukuza katika jamaa hiyo?

Atasema mtu: mbona mla kitunguu kibichi ameambiwa asiukaribie msikiti? Jawabu ni kuwa sababu yake ni udhia wa harufu, na mfuko uliofungwa vyema hautoi harufu. Ukivuja, atoke akaubadilishe, kama atokavyo kila aliyevunjikiwa na udhu. Na akichelea kuuchafua msikiti, ana udhuru mpaka atengeneze.

Najisi ni jina la kitu, si jina la mtu. Kila asimamaye katika safu amechukua ndani ya tumbo lake kile alichokichukua mwenziwe juu ya tumbo. Kilichowatenga ni ngozi tu. Basi nani wa kumkunjia mwenziwe uso?

Yampasa mgonjwa ajifunze hukumu yake, asiiache jamaa kwa haya. Na yawapasa majirani wampishe katika safu wala wasimuulize neno.

Wallahu aalam.