Je, Asiyepiga Hana Hatia?



Liko swali ambalo sisi wanaume hulijibu upesi mno. Tukisikia habari ya mke aliyepigwa au binti aliyeshikwa kwa nguvu, kila mmoja husema, "Mimi sikumgusa mtu; neno hili si langu." Na jirani asikiaye kilio usiku hujigeuza kitandani akisema, "Siri ya mtungi aijuaye kata." Je, mtu huyu hana hatia?

Someni 2 Samweli sura ya 13. Amnoni alimtenda jeuri Tamari, umbu lake. Lakini Yonadabu rafiki yake ndiye aliyemfundisha hila. Daudi baba yao alisikia, akakasirika sana. Walakini hatusomi kwamba alimhukumu mwanawe. Absalomu alimwambia Tamari anyamaze, akaficha chuki moyoni miaka 2, kisha akaua. Aliyemshika Tamari ni mmoja, ila wanaume wote wanne walimwacha bila haki. Hasira ya baba haikumponya, wala kisasi cha ndugu hakikumrudishia heshima.

Basi ziko hatia mbili, ya mkono utendao na ya kinywa kinyamazacho. Sisemi kwamba zalingana. Lakini mkono ule hupata nguvu kwa kimya chetu, kwa maana apigaye mkewe hudhani kwamba wenzake humwona kuwa mume kweli kweli.

Tena si kweli kwamba wote wakubali. Katika uchunguzi wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016, wanaume 40 katika kila 100 walisema yako makosa ambayo kwayo mume ana haki ya kumpiga mkewe. Maana yake 60 hawakusema hivyo. Hao ndio wengi. Mbona hatusikii sauti yao?

Wengine hujitetea kwamba mume ni kichwa cha mke. Ni kweli imeandikwa. Lakini katika Waefeso 5 mume apewa mfano wa Kristo aliyejitoa mwenyewe. Ni kichwa gani kiupigacho mwili wake? Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yatamka kwamba hakuna mtu aliye na haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa, ijapokuwa desturi yaruhusu.

Kwa hiyo, enyi wazee wa kanisa, mke akiwajia na majeraha, msimrudishe kwa neno la "vumilia" tu. Msikilizeni mbali na mumewe, mkahakikishe ana mahali salama pa kulala. Binti akinajisiwa, msipatanishe kwa mbuzi. Jambo hilo ni la polisi na hospitali. Enyi walimu, wafundisheni wavulana wa kipaimara mapema, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Na wewe jirani, usikiapo kilio, inuka ukabishe hodi.