Mwanya wa Plagi Haupimwi kwa Jicho

Kisa hiki mafundi wa Bukoba na Muleba watakitambua hata kama mwenye pikipiki hatajwi. Kijana wa boda anayeegesha Kemondo alilalamika kuwa pikipiki yake inasumbua kuwaka asubuhi, hasa ikilala kwenye mvua. Fundi wa kijiweni akachomoa plagi, akaikwangua kwa msasa, kisha akachomeka bisibisi chini ya ulimi wa pembeni, akaegemeza kwenye ncha ya kati na kuuinua. Akafumba jicho moja, akautazama mwanya kwenye mwanga. "Hapo safi, kaka." Akairudisha, akaikaza kwa spana ndefu mpaka mkono ukagoma. Kiki moja, ikawaka. Sailensa imetulia kabisa. Kijana akalipa, akapakia abiria na gunia la dagaa, safari ya Kamachumu.

Mpaka Muhutwe hakukuwa na shida. Mlima ulipoanza, ikaanza kumisi. Akaongeza resi, ekzosi ikapiga milio, ikazima. Alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Abiria alimalizia safari kwa boda nyingine, dagaa na nauli vikaenda naye, na kijana akaiachia pikipiki iserereke kurudi Muhutwe.

Wengi hapo wangelaumu mafuta au kabureta, kwa sababu plagi "si imetoka kutengenezwa?" Lakini injini iliyo sailensa haina mzigo, na hewa inayobanwa ndani ya silinda ni kidogo. Cheche inaruka hata mwanya ukiwa mpana. Ukipanda mlima umejaza resi, hewa na mafuta vinavyoingia huongezeka, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji umeme wenye nguvu zaidi kuuvuka mwanya uleule. Koili ikishindwa kuutoa, pikipiki inamisi. Ndiyo maana kazi ya bisibisi huonekana nzuri gereji na kuumbuka mlimani. Mwanya ukiwa mdogo mno nao una balaa lake: cheche inakuwa fupi, mafuta hayashiki moto vizuri, plagi inajaa masizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani alishika hii?"

Fundi mzee wa Muhutwe alikuwa ameshaiona. Kwenye nyuzi za plagi kulikuwa na unga wa alumini, dalili kwamba nyuzi za hedi zimeanza kuliwa. Waya wa geji wa milimita 1.1 ulipita bila kugusa popote, na kitabu cha pikipiki ile kinataka 0.7. Kisha akageuza plagi kwenye jua, akamwonyesha kauri nyeupe inayozunguka ncha ya kati: ufa mwembamba, umeshaingia weusi. Ufa huo ndio alama ya bisibisi. Umeme hupata njia ya mkato hapo, na kipande kikimeguka huangukia juu ya pistoni. Plagi ya namna hiyo haitengenezwi. Inatupwa.

Kifaa sahihi ni kidogo, kinaingia mfukoni: geji ya plagi yenye waya za duara, na pembeni kibati chenye pengo la kushikia ulimi. Ulimi wa pembeni ndio pekee unaopindwa, kidogo kidogo. Ncha ya kati haiegemewi kamwe. Waya unatakiwa upite ukikwaruza kidogo. Kwa plagi iliyotumika, waya ni bora kuliko geji bapa, kwa kuwa ulimi hulika na kuwa na kishimo. Geji bapa hukaa juu ya kishimo hicho na kukudanganya kuwa mwanya ni mdogo.

Wengine hutumia kipande cha hakso. Naelewa kwa nini: unene wake unakaribia milimita 0.6, na kwa injini zinazotaka kipimo hicho mtu huponea hapo. Ila upande wa meno ni mnene zaidi kwa sababu meno yamepindwa huku na huku, na injini inayotaka 0.9 haitapona. Kwa plagi za NGK, namba baada ya kistari mwishoni ni mwanya wenyewe: 9 ni milimita 0.9, 10 ni 1.0. Lakini mwamuzi ni kitabu cha injini. Plagi ya iridiamu, ile yenye ncha nyembamba kama sindano, isiguswe na mtu asiyeijua.

Kufunga nako kuna adabu yake. Izungushe kwa vidole mpaka ikae. Mpya yenye washa, ongeza kama nusu mzunguko kwa spana ya plagi. Iliyowahi kufungwa, kaza kidogo tu.

Ninayoyasema ya mlimani ni mazito zaidi ziwani. Boda ikizima, utasukuma. Mashine ya mtumbwi ikianza kumisi katikati ya Goziba na Kemondo, upepo umeamka na watu wamejaa, hakuna pa kuegesha. Mwenye mashine apime plagi zote mwaloni kwa geji kabla ya kupakia, na za akiba ziwe zimeshapimwa, zimefungwa kwenye kopo kavu pamoja na spana yake.