Amana Iliyo Chini ya Mizizi

Mkulima wa Asumbi, magharibi mwa Kenya, ana wajibu gani kwa mtu atakayezaliwa miaka 200 baada yake? Tangu serikali ya Kenya itangaze mwaka 2022 azma ya kukuza miti bilioni 15 ifikapo 2032, swali hilo limo ndani ya kila mche unaogawiwa, hata kama halitamkwi. Kanisa limelijibu kwa namna yake. Katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Francis alifundisha kwamba kila kizazi kimekopeshwa dunia hii na hakina budi kuikabidhi kwa kizazi kifuatacho. Kwa Wakatoliki wa Asumbi, ambako wamisionari wa Mill Hill walijenga misheni mapema katika karne ya 20, mafundisho hayo si mageni. Nayakubali, ila naona tumezoea kuyasoma tukitazama mbele tu. Wajibu wetu kwa misitu unasimama imara zaidi tukiuanzia nyuma, kwa yale ambayo tumekwisha kupokea, na ushahidi wake uko mizizini.

Udongo wa dunia, kwa kuhesabu mita moja ya juu tu, umebeba takriban tani bilioni 1,500 za kaboni, nyingi kuliko iliyomo hewani na katika mimea yote kwa pamoja. Wengi hudhani inatokana na majani yanayoanguka na kuoza. Majani huchangia, lakini sehemu kubwa yake huliwa juu juu na kurudi hewani upesi. Mzizi una kazi nyingine. Itazame ncha ya kijimzizi cha mti ambao Waluo huuita ober, nyembamba kama uzi wa kushonea. Inatoa utelezi wenye sukari iliyotengenezwa na majani siku chache tu zilizopita, na nyuzi za kuvu zilizopenya ndani yake hupokea sukari hiyo na kuulipa mti fosforasi. Vijiumbe vya udongo hula kinachovuja, huzaana, hufa, na mabaki yao hunata kwenye chembe za mfinyanzi na kwenye oksidi za chuma, zile zinazoupa udongo wa vilimani wekundu wake. Yakishanata hapo, hayaliwi kwa urahisi. Mwaka 2005 Daniel Rasse na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo wakakadiria kwamba kaboni itokayo mizizini hudumu udongoni mara 2.4 ya ile itokayo majanini na mashinani. Kwa hiyo anayepanda mahindi au viazi vitamu mahali palipokuwa kichaka anavuna kazi ya miti ambayo hakuna aliye hai aliyeipanda.

Atakayepinga ana hoja nzito. Mwaka 2007 Sébastien Fontaine na wenzake nchini Ufaransa walichukua udongo wa kina cha sentimita 60 hadi 80, wenye kaboni ya zaidi ya miaka 2,000, wakauongezea chakula kipya cha mimea. Vijiumbe viliamka vikaila kaboni ile ya kale. Ina maana kwamba mzizi unaoshuka chini unaweza kuweka na unaweza pia kufungulia. Isitoshe, utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba miti ikivamia nyika zenye mvua ya kutosha, udongo unaweza kupoteza kaboni. Aliye na haraka ya kupanda miti kwenye nyasi za bonde la Lambwe na alifikirie hilo kwanza. Hata hivyo matokeo hayo yananipa sababu zaidi ya kuiita akiba hii amana. Haijafungiwa popote, na kila kizazi kinaweza kuitapanya bila hata kujua kwamba kiliikuta.

Upinzani wa pili ni wa kifalsafa. Mwaka 1969 mwanatheolojia John Mbiti aliandika kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ni yaliyopita na yaliyopo, na kwamba mustakabali wa mbali haupo. Mwanafalsafa Kwame Gyekye alimpinga kwa ushahidi wa Waakan, nami naona Gyekye yuko sahihi. Lakini hata tukimkubalia Mbiti kila kitu, wajibu niliousema unabaki, maana haukutegemea mustakabali tangu mwanzo. Mtu akifa maji ziwani na maiti isionekane, desturi ya Waluo ni kuzika tunda la mti wa yago badala yake, ili asikose kaburi nyumbani kwao. Watu wenye desturi hiyo wanajua kwamba ardhi ya boma ina madai ya waliotangulia. Mtu atasema: mti si babu, haukukusudia kumpa yeyote kitu, na pasipo mtoaji hapana deni. Kwa anayeamini, mtoaji anajulikana, naye ndiye aliyemweka binadamu bustanini ailime na kuitunza. Kwa asiyeamini, haki yenyewe inatosha: aliyenufaika na kitu asichokitengeneza hana ruhusa ya kukimaliza.

Linalobaki ndilo gumu zaidi, nalo ni umaskini. Vilima vya Wire na Gwassi vilipoteza miti kwa sababu ugali hupikwa kwa kuni, na karo ya shule haingoji. Kumwambia mama mwenye jiko la mafiga matatu kwamba asikate, huku nchi tajiri zilizojaza hewa ukaa zikiendelea kuchoma mafuta, ni kumtwika amana ya wengine. Jibu la haki lianzie kwenye mti wenyewe. Mti wa siala ukikatwa matawi huchipua tena. Baadhi ya vijimizizi hufa, lakini mti hubaki hai na kuendelea kulisha udongo wakati matawi yanakwenda jikoni. Fedha za miradi ya miti zifuate uhai huo. Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya walipewa siku ya mapumziko ili wapande miti. Iwekwe siku nyingine ya kuhesabu iliyosimama baada ya miaka 10, na malipo ya mkulima aliyeitunza yatolewe siku hiyo.