Mto Katuma na Swali la Nani Anaambiwa

Mwaka 1948 mwanahisabati wa Marekani, Norbert Wiener, alichapisha kitabu kilichoizindua saibanetiki, taaluma inayochunguza jinsi mashine na viumbe hai wanavyojiongoza. Kiini chake ni mrejesho: tendo lisipomrudishia habari aliyelitenda, hana cha kujirekebishia. Stafford Beer aliipeleka hoja hiyo kwenye uongozi wa mashirika mwaka 1959, na wengi wanaoisoma hufikiria viwanda na ofisi. Mimi naisoma nikiuwaza Mto Katuma.

Mto huu hupita kwenye mashamba ya mpunga mkoani Katavi, Tanzania, ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kulisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kabla maji hayajaelekea Ziwa Rukwa. Kiangazi, mkulima wa juu ya mto hupanga magogo na viroba vya mchanga, akayakinga maji yaingie majarubani. Matokeo anayaona papo hapo: maji yamepanda, miche imenawiri. Asichokiona ni viboko wa hifadhini, mamia, wamebanana ubavu kwa ubavu kwenye tope linalozidi kukauka, madume wakiumana kugombea nafasi. Habari ya tendo lake humfikia mhifadhi, yeye haimfikii. Kumwita mbinafsi ni kumwonea, maana kila kilicho mbele ya macho yake kinamwambia amefanya vyema.

Mwanasaibanetiki mwingine, Ross Ashby, aliandika mwaka 1956 kwamba msimamizi hawezi kukitawala kitu chenye hali nyingi kuliko njia alizonazo za kukiitikia. Ofisi iliyo mbali na mto, hata iwe na watumishi hodari kiasi gani, haitajua banio lipi lilizibwa jana usiku. Ndiyo maana naziamini jumuiya za watumia maji, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua. Lakini jumuiya ya watu wa juu peke yao inasikia nusu ya habari. Kina cha maji hifadhini kinapaswa kusomwa kwenye kikao kilekile kinachopanga zamu za kumwagilia.

Mtu atauliza: mwenye njaa akishajua, atafungua banio? Huenda asifungue. Mrejesho haumlishi mtu. Tena ukienda upande mmoja tu unageuka kuwa amri. Kwa hiyo mkulima aliyefungua banio akapoteza jaruba, hasara yake nayo isomwe mbele ya wahifadhi, gunia kwa gunia, na zamu za mwaka unaofuata zipangwe kwa kuitazama.