Mwenye Kununua na Ujira Uliozuiliwa

Bismillahi Rahmani Rahim. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Tanganyika utumwa ulikomeshwa kwa sheria ya mwaka 1922. Lakini dhulma hubadili nguo. Mwaka 2013 Human Rights Watch walieleza habari za watoto katika machimbo madogo ya dhahabu, na Chunya ya Mbeya ikiwamo: hushuka mashimoni, huchanganya zebaki kwa mikono mitupu. Na kutoka Iringa wasichana huletwa pwani kwa ahadi ya kazi za nyumbani. Wako ambao mshahara wao huambiwa umewekwa, wala hawauoni.

Je, mwenye kununua ana dhambi, naye hakumtesa mtu? Husema, “Bei nimelipa.” Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama. Miongoni mwao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyetimiziwa kazi asilipe ujira. Wawili hawa wamewekwa safu moja, kwani kila mmoja amekula kilicho cha mwenziwe.

Ama asiyejua, ana udhuru. Asiyetaka kujua, hana. Sonara huipima dhahabu na kuuliza usafi wake; basi na aulize pia mikono iliyoichimba. Na mwenye nyumba hana hata haja ya kuuliza: aliyemdhulumu yumo jikoni mwake. Na amlipe leo, mkononi mwake, kabla ya kuitazama Chunya.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.