Mganga Afundishaye, Je, Amewaacha Wagonjwa?

Twawasikia watu wakinung'unika: "Mganga huyu ni hodari, mbona awaacha wagonjwa aende kufundisha chuoni?" Neno hili lataka kupimwa.

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala ya silaha ililipuka Mbagala, katika Temeke. Walikufa watu zaidi ya 20, na mamia walijeruhiwa. Huruma siku ile haikukosekana. Lakini huruma peke yake haijui nani atangulizwe. Humkimbilia apigaye kelele, na kumbe mwenye kelele hana neno. Mganga aliyefundishwa humtazama kwanza yule aliyenyamaza, maana yamkini damu yamwishia ndani.

Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara ya wagonjwa wa dharura, na chuo kikuu cha hapo kikaanza kufundisha mabingwa wa kazi hiyo. Daktari Hendry Sawe alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza, naye baadaye akawa mwalimu wa wengine.

Je, saa ya darasani imeibwa kwa mgonjwa? Mgonjwa wa leo aweza kusema ndiyo, wala hatumlaumu, kwa kuwa uchungu ni wake. Lakini mikono miwili haiutoshi mji, na msiba haupigi hodi. Afundishaye watu kumi ameiachia Temeke na Kinondoni mikono ishirini. Ila elimu ya mwalimu asiyegusa tena mgonjwa huvunda kama maji yasiyotekwa. Basi yafaa afundishe penye kitanda.

Nasi tumwonapo mwanafunzi kando ya kitanda chetu, tusimfukuze. Kesho ndiye atakayetujia.