Mputa Katika Maji ya Wenzake

Masomo: Ezekieli 34:17-22, Mwanzo 26:12-22

  Sisi wa makazi haya ya Kyangwali tunamshukuru Mungu aliyetuvusha ziwa na ambaye mpaka leo anatutunza, ingawa mgao wa chakula umepungua na wengi wetu tunalala tukiwa tumekula mara moja tu.

Siku zilizopita, sisi wachungaji na wazee wa kanisa tuliitwa kwenye kikao na wenyeji juu ya habari za uvuvi kule chini ziwani. Wenyeji walilalamika kwamba vijana wa makazi wanakokota vyandarua ufukweni na kuchota vifaranga vya samaki. Maneno yalikuwa mengi, wakaingiza na kuni, na mashamba, na kisima. Ndipo akasimama mzee mmoja wa hapa, mwenye mvi, ambaye ujanani alivua katika Ziwa Victoria, ziwa ambalo watu wa huku wanaliita Nalubaale. Akasema, “Nyinyi wakimbizi mmeingia hapa kama mputa alivyoingia Nalubaale.” Akaketi.

Kikao kizima kilinyamaza. Vijana wetu wawili walitaka kuondoka kwa hasira, tukawashika mkono. Lakini hata sisi tuliporudi nyumbani, neno lile lilitukaa kama mwiba wa samaki kooni. Basi tukaenda kumtembelea yule mzee kwake, tukamwomba atueleze vizuri. Alitueleza kwa upole, akatupa na chai. Aliyotuambia, pamoja na yale tuliyokuwa tunayajua, ndiyo tunawaletea leo, kwa sababu tunaamini Roho wa Mungu ana neno na kanisa lake ndani ya jambo hili.

Mputa ndiye yule samaki ambaye sisi tuliotoka Ituri tunamwita kapiteni. Watanzania wanamwita sangara, na Wakenya mbuta. Anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Kwanza tukumbuke jambo moja: katika ziwa letu hili la Albert, mputa si mgeni. Mungu ndiye aliyemweka humu. Tangu zamani anakaa pamoja na ngege, na angara, na ngasa mwenye meno, na muziri wadogo tunaowaanika juani. Anakula wenzake, ndiyo, lakini wenzake wanamjua. Wengine wana mbio, wengine hujificha, wengine wana meno kama yeye. Hakuwamaliza. Tulipokuwa watoto kule Kasenyi na Tchomia, baba zetu walivua kapiteni na walivua na hao wengine wote.

Nalubaale ilikuwa tofauti. Huko kulikuwa na furu, samaki wadogo ambao Waganda wanawaita nkejje. Wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 500 za hao furu, na karibu aina zote hazikupatikana mahali pengine popote duniani. Wengine walikula majani ya maji, wengine konokono, wengine wadudu, wengine mayai ya wenzao. Wengine walibeba watoto wao kinywani hata wakue. Ebu fikirini hekima ya Muumba! Mpaka miaka ya 1970, wapimaji waliposhusha nyavu zao chini ya ziwa lile, zaidi ya robo tatu ya uzito wa samaki waliopanda walikuwa ni furu.

Lakini maafisa wa serikali ya kikoloni waliwaona furu kuwa si kitu. Ni wadogo, wana mifupa, hawana soko. Wakataka samaki mkubwa, anayegeuza wadogo kuwa nyama nene ya kuuzwa, na wa kufurahisha wazungu wanaovua kwa ndoana. Si kwamba hawakuonywa. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja Mwingereza, Geoffrey Fryer, aliandika akipinga jambo hilo. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mputa walibebwa wakatiwa Nalubaale. Na walitolewa wapi? Kutoka humu humu, Ziwa Albert! Mzee alipotuambia hivyo tulitazamana.

Kwa miaka kama 20 hakuna aliyeona jambo kubwa. Kisha, katika miaka ya 1980, mputa akajaa ziwa zima, na furu wakaanza kukosekana nyavuni. Wataalamu wanakadiria kwamba aina kama 200 zilitoweka. Furu hawakujua kumkimbia adui wa namna hiyo. Viwanda vikajengwa Mwanza, Kisumu na Uganda pia, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na watu wengi wakapata kazi, tusikatae hilo. Lakini maskini wengi wa kando ya ziwa wakabaki kununua mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Na furu walipopungua, mputa alikula nini? Alikula dagaa, alikula kamba wadogo wa majini, na alikula watoto wake mwenyewe.

Hapo tulipofika, mke wa yule mzee alisema “Yesu!” kwa sauti, ingawa bila shaka hadithi hiyo ameisikia mara nyingi.

Sasa wapendwa, tulijibu nini? Jambo la kwanza tulilomwambia mzee ni kwamba mputa hakutembea kwa miguu kutoka Albert mpaka Nalubaale. Alibebwa. Sisi nasi hatukuamka asubuhi moja tukasema, twende tukale nchi ya watu. Mwaka 2018, wakati nyumba zilipokuwa zinaungua kule Djugu, tulipanda mitumbwi usiku, watu wamejaa mpaka maji yanaingia, na kuna waliozama ambao mpaka leo hatujui kaburi lao. Tulitua Sebagoro tukiwa na watoto mgongoni na sufuria mkononi. Mzee alikubali. Alisema siku zile yeye mwenyewe alitoa mihogo. Tena akaongeza jambo ambalo hatukulitarajia. Alisema haki isemwe: hata Nalubaale mputa hakuharibu peke yake. Nyavu za kizungu ziliingia ziwa lile tangu 1905, na ngege wa asili walikuwa wamekwisha kupungua sana kabla mputa hajajaa. Uchafu wa miji na udongo wa mashamba ukaingia majini, na maji ya chini yakapungukiwa hewa. Mgeni alikuta nyumba ina nyufa.

Kwa hiyo, ndugu, hatulipokei jina lile kana kwamba ndilo jina letu. Samaki ni samaki. Yeye ana kinywa na tumbo, hana agano. Sisi tuliumbwa kwa mfano wa Mungu, na Torati iliwaagiza Israeli wampende mgeni kama nafsi zao, kwa sababu wao pia walikuwa wageni Misri (Walawi 19:33-34). Mtoto akiambiwa shuleni kwamba wazazi wake ni mputa, mama, mkalishe mtoto wako umwambie yeye ni nani mbele za Mungu.

Lakini tusikimbilie faraja haraka. Tusome Ezekieli 34. Sura ile tunaipenda inapokemea wachungaji wabaya, na sisi wachungaji tunaiogopa. Lakini kuanzia mstari wa 17 Bwana anawageukia kondoo wenyewe. Anawauliza kondoo walionona kama haiwatoshi kula malisho mazuri, hata wakanyage yaliyobaki. Na kunywa maji safi, hata wayachafue yaliyosalia kwa miguu. Tazameni vizuri: hakuwakataza kunywa. Kunywa ni haki ya kila kondoo. Shida ni ile miguu.

Basi tuiangalie miguu yetu. Ule muziri unaovuliwa usiku kwa taa katikati ya ziwa ni kazi ya siku zote, nao ni samaki mdogo hata akiwa mzima. Lakini kukokota chandarua kando kando ya ufuko, penye majani, ambapo ngege na mputa wanalelea watoto, huko ni kukanyaga maji. Sheria ya Uganda imeweka kipimo: mputa asiyefikia inchi 20 asivuliwe, na ngege asiyefikia inchi 11. Mwaka 2017 wanajeshi waliwekwa kulinda maziwa, na vijana wetu wanawaogopa wanajeshi. Sisi tungependa wamwogope Mungu kwanza. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 Bwana aliamuru kwamba mtu akikuta kiota chenye makinda, asimchukue mama pamoja na watoto. Ndege mmoja tu wa porini! Na Mungu wa majeshi alimwandikia sheria.

Tunajua mtatuambia, “Mchungaji, njaa.” Tunaijua njaa, tunaishi nayo nyumba moja. Hatuandiki haya tukiwa tumeshiba. Lakini chandarua kile tulipewa kwa ajili ya malaria, na mwezi jana tulimwombea mtoto mwenye homa katika nyumba ambayo chandarua chake kilikuwa ziwani. Samaki waliopatikana siku ile walijaa kikombe. Walikuwa na urefu wa kidole.

Iko miguu mingine ambayo haiendi ziwani. Tulipovuka, kila mtu alibeba kitu. Mwingine alibeba Biblia, mwingine jembe, mwingine cheti cha shule. Na wengine wetu, tuseme kweli, tulibeba ugomvi wa kabila kutoka nyumbani, tukautia katika maji haya kama walivyotia mputa. Unaona katika foleni ya maji nani anasimama na nani. Unaona hata katika kwaya. Mtume Paulo aliwaonya Wagalatia (5:15) kwamba wakiumana na kulana wataangamizana. Yule samaki alipomaliza majirani alirudi kwa watoto wake.

Yuko mgeni mwingine katika Maandiko, naye ni Isaka (Mwanzo 26). Njaa ilimpeleka Gerari, kwenye nchi ya Wafilisti. Alipanda, Mungu akambariki, wenyeji wakaona wivu, mfalme Abimeleki akamwambia aondoke. Tunajua uchungu huo! Watumishi wake wakachimba kisima, wenyeji wakagombana nao. Wakachimba cha pili, wakagombana tena. Isaka hakupigana, wala hakukaa chini kulia. Alichimba cha tatu, akakiita Rehobothi. Tunapenda kuhubiri Rehobothi kama baraka ya nafasi, lakini tusipite upesi kwenye jasho. Isaka aliongeza maji katika nchi ya watu. Nchi ile ilikuwa na visima vingi zaidi alipoondoka kuliko alipoingia.

Tulikuwa tumekwisha kuaga ndipo mzee akatusimulia la mwisho, na hili ndilo lililotutia nguvu. Tulimuuliza kama furu wote walikufa. Akacheka. Akasema wale waliokaa kwenye miamba wengi walipona, na mputa alipoanza kupungua kwa kuvuliwa sana, baadhi yao walirudi kuonekana. Tena akasema habari za mafunjo. Kule ndani ya mafunjo maji ni mazito, hewa ni haba, na mputa hawezi kukaa, kwa sababu yeye anahitaji hewa nyingi. Lakini wadogo wamezoea. Wanapanda juu kidogo, wanavuta kwenye ngozi ya maji, wanashuka tena. Katika vinamasi na viziwa vidogo vya pembeni, aina zinazopungua katika ziwa kubwa bado ziko. Mfano ni yule ngege wa asili: Nalubaale ni shida kumpata, lakini katika Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala nchini Kenya, bado yuko.

Mzee alitutazama akasema, “Hao nao ni wakimbizi.”

Tulikaa kimya. Alikuwa ametuita mputa mbele za watu, na sasa, nyumbani kwake, alitupa jina lingine. Sisi tulidhani lazima kujibu. Hatukujibu, tulishika mikono yake tukaomba pamoja, yeye kwa Kinyoro na sisi kwa Kiswahili. Hewa ya hapa tulipo ni haba, wapendwa, mnajua. Lakini Mungu ametuhifadhi hapa, na watoto wetu wanazaliwa.

Jumamosi hii, baada ya maombi ya asubuhi, tutateremka mwaloni pamoja na wazee wa kanisa, na yule mzee ameahidi kuja na wavuvi wenzake. Atawaonyesha vijana jinsi ya kupima matundu ya wavu, na mahali ambapo samaki wanazalia, ili tupaache. Akina mama wanaokausha muziri nao waje, kuna mazungumzo ya kupanga vichanja pamoja na akina mama wenyeji. Mwenye chandarua cha kuvulia akilete kanisani kabla ya Ijumaa jioni, akiweke nyuma ya mlango. Kitafuliwa na kupelekwa kwenye nyumba yenye watoto wadogo. Hatutauliza ni cha nani.